BUNDUKI IKIKATAA KULIA, NANI AULIZWE?

Ndugu Wanachama,

Kuna neno moja ambalo sisi wafanyakazi tumelisikia mpaka masikio yamechoka. Mali ikitoka mbovu kiwandani, twaambiwa kwamba fundi ni mvivu. Mali hiyo hiyo ikimharibikia mnunuzi mkononi, mnunuzi naye huambiwa kwamba hajui kuitumia. Fundi analaumiwa upande huu, mtumiaji analaumiwa upande ule, na yule aliyekaa katikati, aliyepanga bei, aliyechagua vifaa, aliyeamuru kazi iharakishwe na kupunguza wakaguzi, hakuna anayemwuliza. Kazi yake ni kuandika barua za kuwalaumu wengine.

Sisi twalikataa neno hilo, na leo twataka kulijibu kwa kitu kimoja tu, yaani risasi. Tumechagua risasi kwa sababu haina mjadala. Sufuria mbovu huvuja, mama akaipeleka kwa fundi ikazibwa. Kiatu kibovu huachia soli njiani, mtu akaenda peku mpaka nyumbani. Lakini risasi mbovu humwua mwenye bunduki. Tena habari zake zimeandikwa katika ripoti za serikali kubwa za dunia, kwa hiyo hakuna bwana atakayesema kwamba chama kimezitunga.

KITU KISICHOJARIBIKA

Kwanza tufahamiane. Wengi wetu tukitaja risasi twafikiri kile kipande cha madini kinachoruka. Risasi kamili inayotiwa katika bunduki ina vitu vinne: ganda la shaba ya manjano, fataki ndogo iliyo kitakoni mwa ganda, baruti ndani yake, na kichwa mbele. Pini ya bunduki hugonga fataki, fataki hutoa moto, baruti huwaka, na gesi yake husukuma kichwa nje ya mtutu. Katika bunduki za siku hizi gesi hiyo hiyo hufanya na kazi ya pili: hufungua mtambo, ganda tupu likatupwa nje na risasi nyingine ikaingia mahali pake.

Sasa angalieni jinsi kosa dogo linavyokuwa kubwa. Fataki ikipata unyevu, bunduki hailii, au hulia baada ya kuchelewa, wakati mwenyewe amekwisha kuigeuza upande mwingine. Baruti ikiwa chache mno, kichwa hukwama katikati ya mtutu, na risasi inayofuata huupasua. Baruti ikizidi, mtambo huvunjika usoni mwa mpigaji. Ganda likiwa laini kupita kiasi, hunasa ndani na bunduki inageuka kuwa rungu.

Jembe waweza kulijaribu ardhini kabla ya kulilipia. Baiskeli waweza kuipanda mpaka kona na kurudi. Risasi haijaribiki, maana ukiijaribu imekwisha. Ndiyo sababu kiwandani huchukuliwa chache katika kila fungu, zikapigwa na kupimwa, na fungu zima huhukumiwa kwa hizo chache. Mwenye kubeba bunduki porini usiku hana la kufanya ila kuwaamini watu asiowajua hata sura. Anaamini kwamba fundi alipewa nafasi ya kuifanya kazi yake sawasawa. Anaamini pia kwamba mkaguzi alipewa mamlaka ya kusema, "Fungu hili halitoki." Ukiyaondoa mambo hayo mawili, kila sanduku la risasi ni bahati nasibu, na anayeicheza siye aliyeliuza.

BARUTI ILIYOBADILISHWA

Sasa twende Marekani, kwa sababu huko ndiko mambo haya yalikochunguzwa hadharani.

Mwisho wa mwaka 1963 jeshi la nchi ile liliagiza zaidi ya bunduki 100,000 za aina mpya, ambayo leo dunia nzima yaijua kwa jina la M16. Aliyeibuni, Eugene Stoner, aliilinganisha na baruti ya namna moja, yenye chembe kama vijiti vidogo, iliyotengenezwa na kampani ya DuPont. Bunduki kama hiyo ni kama saa. Springi, gesi na ganda lazima viende kwa mwendo mmoja.

Wakubwa wa ofisi ya silaha wakaandika katika karatasi zao kwamba kichwa cha risasi lazima kitoke kwa kasi ya futi 3,250 kwa sekunde, wala nguvu ya gesi ndani ya bunduki isipite kipimo walichokiweka. Baruti ya vijiti ikashindwa kutimiza mambo hayo mawili kwa pamoja katika kazi kubwa ya viwanda. Hapo mtu mwenye akili angeuliza kama karatasi ndiyo iliyokosea. Wao hawakuigusa karatasi. Mwaka 1964 waliruhusu baruti nyingine, yenye chembe za mviringo, kutoka kampani ya Olin, na bunduki ikaachwa kama ilivyokuwa.

Baruti mpya ilileta taabu mbili. Iliuharakisha mtambo: bunduki iliyokusudiwa kupiga risasi kama 750 au 800 kwa dakika ikaanza kufika 1,000. Tena iliacha uchafu mwingi, kwa kuwa ilitiwa kitu cha jamii ya chokaa ambacho kiliganda katika njia ya gesi. Juu ya hayo, chemba, yaani mahali risasi inapolala, haikuwa imepakwa madini ya kromi ya kuzuia kutu, na Vietnam ni nchi ya mvua na matope. Ganda likanasa. Mtambo ulipotaka kulivuta, uliurarua ukingo wa ganda tu, nalo likabaki ndani. Askari akawa hana njia ila kuingiza mdeki, ule ufito wa chuma wa kusafishia, kwa kinywa cha mtutu na kuligonga ganda mpaka litoke. Ikawa askari katikati ya vita anarudi kwenye kazi ya babu zetu wenye magobori. Wengine waliufunga mdeki ubavuni mwa bunduki ili usiwe mbali wakati wa kufa na kupona.

Ndugu, hayo peke yake yangeweza kuitwa bahati mbaya. Lakini sikilizeni linalofuata. Kampani ya Colt, iliyounda bunduki hizo, iliona kwamba zikijaribiwa kwa baruti mpya nyingi zitapita mwendo uliowekwa na kukataliwa. Ikalieleza jeshi. Jeshi likairuhusu kuzijaribu kwa risasi za baruti ile ya kwanza. Basi bunduki zikafaulu mtihani kiwandani kwa risasi njema, zikapigwa muhuri, zikapakiwa, kisha zikatumwa vitani na risasi za namna nyingine. Aliyefanya mtihani si aliyekwenda vitani.

Twawauliza wanachama: je, hapo ni fundi gani aliyekosa? Yule mwenye mashine ya kukata mtutu alikata kipimo alichopewa. Yule mama aliyekuwa akitazama maganda yakipita mbele yake alitazama kama alivyofundishwa. Waliokosa ni watu waliokaa mezani, wakaona kwa macho yao kwamba kitu hakilingani na kitu, wakachagua njia ya kupita mtihani badala ya njia ya kurekebisha.

Na askari waliponung'unika waliambiwa nini? Waliambiwa kwamba hawasafishi bunduki. Hawakuambiwa kwamba wengi wao walipewa bunduki hizo bila vifaa vya kusafishia, na kwamba uvumi ulikuwa umeenezwa kuwa bunduki hii haina haja ya kusafishwa sana. Mwaka 1967, katika mapigano ya milima iliyo karibu na Khe Sanh, miezi ya Aprili na Mei, askari wa majini wa Marekani walikutwa wamekufa kando ya bunduki zao, ganda likiwa limenasa na mdeki ukiwa karibu. Vijana wakawaandikia wazazi wao, na wazazi wakawaandikia wabunge.

Hapo ndipo Bunge lilipoamka. Kamati iliyoongozwa na mbunge Richard Ichord ilianza kazi Mei 1967, na mwezi wa Oktoba mwaka huo huo ikatoa ripoti. Kamati ilisema kwamba wakubwa wa jeshi waliokuwa na mamlaka ya kuzirekebisha kasoro za risasi hizo na hawakufanya hivyo, uzembe wao unakaribia kuwa kosa la jinai. Hatukusema sisi. Limesema Bunge la nchi iliyozitengeneza.

Tena dawa haikuwa ngumu. Chemba ikapakwa kromi, mtambo ukatiwa kifaa cha kupunguza mwendo, askari wakapewa vifaa vya kusafishia na mafunzo, na kile kitu cha jamii ya chokaa katika baruti kikapunguzwa kutoka sehemu moja katika mia mpaka robo ya sehemu moja. Kumbe ilikuwa yawezekana tangu mwanzo. Kilichokosekana ni mkubwa wa kumsikiliza mtu wa chini.

ALIYELENGA VIZURI NDIYE ALIYESHINDWA

Labda mtu atasema kwamba hiyo ilikuwa mara moja tu. Basi turudi nyuma miaka zaidi ya ishirini, nchi ile ile, safari hii baharini.

Manowari za Marekani ziliingia katika vita na Wajapani mwishoni mwa mwaka 1941 zikiwa na kombora la majini, topido, lililoitwa Mark 14. Kombora moja liligharimu karibu dola 10,000, na kwa kuogopa gharama hiyo wakubwa hawakulijaribu sawasawa kwa baruti yake halisi kabla ya vita. Manahodha wakarudi wakisema kwamba wanalenga, kombora linafika, meli ya adui inakwenda zake. Idara ya silaha ikajibu kwamba manahodha hawajui kulenga. Mwezi wa Juni 1942, huko Albany, Australia, Admirali Lockwood akatega wavu baharini na kupiga makombora kupitia wavu huo. Matundu yakaonyesha kwamba kombora linapita chini ya kina lililowekewa kwa futi kama 10. Lilikuwa linapita chini ya tumbo la meli.

Hata baada ya hilo kurekebishwa kulibaki kosa jingine. Julai 1943 manowari Tinosa ilipata meli kubwa ya Kijapani, ikapiga makombora 15. Kumi na moja hayakulipuka. Nahodha akabakiza moja na kulirudisha nyumbani lipimwe. Ikaonekana kwamba pini ya kulipua ilipinda kombora likigonga meli uso kwa uso, lakini likigonga kwa upande liliweza kulipuka. Maana yake ni kwamba aliyelenga vizuri kabisa ndiye aliyeshindwa, na kwa karibu miaka miwili aliitwa mjinga na watu waliokaa ofisini.

WANAOTENGENEZA WAFA KWANZA

Na wale walio mashineni je? Twende Uingereza, vita vya kwanza vya dunia. Mwaka 1915 jeshi liliishiwa na makombora ya kupiga, kukawa na kelele magazetini, na viwanda vikafunguliwa mbio mbio kila mahali. Haraka haraka haina baraka. Mwezi wa Juni 1916, kabla ya vita vya Somme, Waingereza walipiga makombora zaidi ya 1,500,000 kwa muda wa wiki moja. Mengi mno hayakulipuka, kwa ubovu wa fyuzi na ukaguzi uliolegezwa. Tarehe 1 Julai vijana waliambiwa watembee mbele, kwamba adui amekwisha. Siku hiyo moja walikufa 19,240. Mpaka leo wakulima wa Ufaransa hulima na kuyafukua makombora hayo.

Waliotengeneza makombora walikuwa nani? Wengi walikuwa wanawake. Baruti ya TNT iliwageuza ngozi ikawa ya manjano, wakapewa jina la ndege wa manjano, na baadhi yao wakafa kwa sumu hiyo. Tarehe 19 Januari 1917, huko Silvertown, London, kiwanda cha kusafisha TNT kilichowekwa na serikali katikati ya makao ya watu kililipuka, wakafa watu 73. Tarehe 1 Julai 1918, huko Chilwell, wakafa 134.

Na watu hao hawakuweza kusema. Sheria ya Silaha za Vita ya mwaka 1915 ilikataza migomo katika viwanda vya silaha, na mfanyakazi aliyeacha kazi bila cheti cha mwajiri hakuruhusiwa kuandikwa mahali pengine kwa muda wa wiki sita. Wakenya hawana haja ya kuelezwa maana yake. Tangu mwaka 1920 baba zetu walivaa kipande shingoni, na asiye na sahihi ya tajiri wake hakuwa huru kwenda kutafuta kazi nyingine. Mtu aliyefungwa kazini namna hiyo akiona fyuzi mbovu inapita atasema nini, na atamwambia nani?

TUSIDANGANYANE

Tajiri atatuuliza: je, hakuna mfanyakazi mzembe? Wako. Yuko anayekuja na usingizi, yuko anayezungumza mashine ikienda. Lakini uzembe wa mtu mmoja huharibu risasi kumi au mia, na mkaguzi mwenye mamlaka huzikamata mlangoni. Uamuzi mbaya wa mezani huharibu risasi milioni, na hakuna mlango wa kuukamata. Ndiyo sababu twasema kwamba hukumu ianzie juu. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi: aliye ofisini huona unung'unikaji wa fundi na wa askari kuwa jambo jepesi, kwa sababu halimlemei yeye.

NASI HAPA KENYA

Mambo haya si ya ng'ambo tu. Nchi yetu ina kiwanda chake cha risasi huko Eldoret, kilichoanza katika miaka ya 1990, na wako wafanyakazi wenzetu ambao kazi yao ni kubeba bunduki usiku kucha. Katiba ya mwaka 2010, Ibara ya 41, yampa kila mfanyakazi haki ya kuingia chama. Lakini Ibara ya 24 yaruhusu sheria kuwapunguzia haki hiyo wanajeshi na polisi. Kwa hiyo anayeipiga risasi mara nyingi hana chama cha kumsemea. Basi ni wajibu wa sisi tulio na chama kusema kwa ajili yetu na yake pia.

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yamtaka mfanyakazi akiona hatari kubwa amwarifu msimamizi wake, na yamkataza mwajiri kumrudisha mahali pa hatari kabla haijaondolewa. Sheria hiyo isilale kabatini. Tunadai haya, katika kila kiwanda, kiwe cha risasi, cha madawa, cha breki za magari au cha nyaya za umeme:

1. Mkaguzi asiwe chini ya meneja wa uzalishaji. Mtu anayesifiwa kwa wingi wa mali hafai kuwa mwamuzi wa ubora wake.

2. Fundi anayesimamisha mashine kwa sababu ameona kasoro asikatwe mshahara wala asiandikiwe barua.

3. Kifaa kikibadilishwa, mali ijaribiwe upya, na ijaribiwe vile vile atakavyoipokea mtumiaji. Mtihani wa risasi njema kwa mauzo ya risasi nyingine ni udanganyifu.

4. Malalamiko ya watumiaji yasiishie kwa karani. Yaletwe mpaka mashineni, wafanyakazi wayasikie.

5. Mfanyakazi yeyote anayepewa bunduki na mwajiri apewe risasi ambazo namba ya fungu lake imeandikwa daftarini, zilizokaa muda mrefu vibaya zibadilishwe, na apewe nyingine za mazoezi. Bunduki ikikataa kulia, asiadhibiwe kabla risasi zenyewe hazijapimwa.

NA WEWE UBEBAYE BUNDUKI

Mpaka siku hiyo, ndugu yetu, jilinde. Ukifyatua na bunduki isilie, usiifungue wala usiitazame mdomoni. Ielekeze mahali pasipo na mtu, hesabu polepole mpaka thelathini, ndipo uifungue. Ukisikia mlio mdogo usio wa kawaida, usipige nyingine. Toa risasi zote na uhakikishe kwamba mtutu hauna kitu ndani. Usizipake risasi mafuta, maana hupenya mpaka kwenye fataki. Usiziache juani ndani ya gari wala penye unyevu. Tena usilitupe sanduku lake. Ile namba iliyoandikwa juu yake ndiyo shahidi wako siku utakapoambiwa kwamba kosa ni lako.

Wanachama, mikono iliyoijaza baruti na mikono inayoifyatua bunduki ni ya watu wa namna moja. Wanalipwa kidogo, wanaharakishwa, na mambo yakiharibika wanalaumiwa. Kwa miaka mingi wamefundishwa kulaumiana, askari akimtukana fundi na fundi akimcheka askari, na bwana mkubwa akipita katikati bila kuguswa. Sisi hatutaki tena. Mkutano wa tawi ujao kila mjumbe wa duka la kazi aje na orodha ya kasoro alizoziona mahali pake, na jina la ofisi iliyoambiwa ikanyamaza. Tutaisoma mbele ya wote.

Umoja ni nguvu.

Mhariri,
kwa niaba ya Halmashauri